Kitasa Kipya cha Mlango wa Mbele

4 Mei

Mdogo wangu Fundi,

Pokea salamu zangu na za cherehani yangu, ambayo imezeeka kama mimi lakini bado inakwenda. Mimi mzima isipokuwa magoti, na magoti siku hizi si habari tena. Shule zimefunguliwa, na kama kawaida kila mzazi amekumbuka siku ya mwisho kwamba mwanawe amerefuka, basi sebule yangu imejaa sketi zisizo na pindo na suruali zisizo na zipu. Paka naye ameona ajifungulie ndani ya kapu la vitambaa. Nimemwachia kapu, ningefanyaje? Mpe wifi yangu salamu za peke yake, na uniambie mguu wake unaendeleaje.

Sasa sikiliza. Nimekupigia simu mara kadhaa, na kila nikimtaja mtoto, unakata. Barua haina pa kukatia. Utaichana ukitaka, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Kasuku yuko kwangu. Alifika wiki iliyopita na begi la shule mgongoni, sare mwilini, miguu imevimba. Kwamba ana mimba ya miezi minne unajua kuliko mimi. Kula anakula, kulala analala, kuongea ndiyo bado. Mtoto uliyempa jina la Kasuku kwa sababu hata usingizini alikuwa anapiga soga, leo namuuliza swali nasubiri jibu mpaka chai inapoa.

Sikumwita wala sikumtorosha. Alibisha hodi, nikafungua. Kesho yake nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikaandikisha kwamba yupo kwangu na nyumba yangu ni ipi, asije mtu akasema nimemficha. Jambo moja tu ameniambia kwa sauti: hataki kuolewa na yule mtoto wa muuza mbao. Nikamuuliza huyo mtoto ana miaka mingapi, akasema ishirini na saba. Kasuku ana kumi na sita. Hesabu hiyo hata mimi niliyeiacha shule mapema naiweza.

Atakaa hapa, atajifungua hapa, na mwezi wa kumi na moja atafanya mtihani wake wa mwisho kama wenzake. Nakuandikia kukuarifu. Sikuandikii kukuomba.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka, bahati mbaya. Sisi wazima. Mke wangu mguu unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau, au anajifanya. Dukani kazi ipo. Juzi kaja bwana mmoja na kipande cha sabuni alichokichapa alama ya ufunguo, anataka nimchongee mwingine kama ule. Nyumba ni ya kaka yake. Nikamwambia nenda kamlete huyo kaka yako. Kanuni yangu unaijua tangu nilipoanza kazi hii: ufunguo hauchongwi mpaka mwenye mlango asimame mbele yangu. Akanitukana, akaondoka na sabuni yake. Nyumbani nako nimeweka kitasa kipya mlango wa mbele, maana kile cha zamani kilikuwa kinagoma. Ndizo habari zetu.

Umesema huniombi. Vizuri, mimi pia sikuombi.

Kasuku ametoroka. Aliondoka asubuhi bila kuaga, siku moja baada ya mimi kukaa na muuza mbao na ndugu zake tukaelewana kama watu wazima. Kijana hakatai mzigo wake. Wangapi siku hizi wakisikia mimba wanahama mji? Huyu kaja na baba yake, kavua viatu mlangoni, kasema nitamwoa. Ulitaka nimfukuze? Ulitaka mwanangu azae nyumbani watu wa mtaa huu wakinihesabia vidole? Samaki mkunje angali mbichi. Kosa langu ni kwamba nilichelewa kumkunja.

Nasema hili bila nia ya kukuumiza: hukujaliwa mtoto, Dada. Unajua kushona sare za watoto wa watu. Kuwalea ni jambo jingine.

Mrudishe kabla mwezi haujaisha. La sivyo nakwenda polisi kueleza kwamba mwanangu ametoroka nyumbani na kwamba ninamjua aliyempokea. Sheria iko upande wa baba.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwa uzima, na nakushukuru wewe kwa wageni. Askari wako wamefika.

Walikuwa wawili, wamechoka na jua, na mmoja shati lake halina kifungo cha tatu. Nikamwambia siwezi kuhojiwa na mtu ninayeiona fulana yake. Akavua, nikamshonea huku ananiuliza maswali. Niliwaonyesha karatasi ya ustawi wa jamii yenye muhuri. Walimwita Kasuku wakamuuliza kama nimemzuia kutoka, akawajibu: "Shangazi hanizuii. Ananizuia kuosha vyombo tu." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema kwa mkupuo mmoja tangu afike, kwa hiyo kwa upande huo umenisaidia.

Kuhusu kutojaliwa mtoto: umesema bila nia ya kuniumiza, na umeniumiza. Nimeliandika ili usije ukadhani halikufika. Nani alikubeba mgongoni mama alipokuwa kitandani? Ukubwa ni jaa, kila taka hutupwa humo, na mimi nimezoea. Tuendelee.

Hapa kwetu kuna wakili wa msaada wa sheria, mwanamke mdogo kwa umri, mwenye sauti iliyokauka kama ya muuza magazeti. Kila Alhamisi anakaa kwenye ukumbi nyuma ya soko na kusikiliza watu bure. Mafundi wenzangu wanamwita Mama Vifungu. Nilimpelekea maswali yote ambayo najua yanakuzungusha kichwani, na yangu pia.

Nimeuliza kama navunja sheria kukaa naye. Amesema kumficha mtoto na kumpokea ni vitu viwili, na aliyetoa taarifa hajaficha. Nimeuliza kama askari wanaweza kumbeba wamrudishe kwako. Amesema mtoto si mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Kwanza anaulizwa kwa nini aliondoka, na mahali anaporudishwa panaangaliwa kama ni salama. Hapo nikauliza la ndoa. Aliweka kalamu chini. Akasema kwa sheria yetu msichana wa umri ule haolewi hata baba akisaini kwa mikono miwili, na yule bwana wa miaka ishirini na saba mwenye adabu ya kuvua viatu ana kesi yake ya kujibu, si arusi ya kupanga. Nikauliza kama wewe umekoma kuwa baba, kwa kuwa mtoto hayupo kwako. Akasema hapana. Mimba haimwondolei baba wajibu, na wala haimwongezei mamlaka.

Jambo dogo la mwisho. Kasuku ana ufunguo wa nyumba yenu. Ameufunga kwenye uzi wa begi, na akisoma jioni anauchezea mpaka namwambia atautoa kutu. Mtoto anayetoroka kwao anabeba ufunguo wa nini?

Dada yako


28 Juni

Dada,

Wazima. Mguu vilevile. Kazi ipo.

Nimesoma karatasi zako tatu za vifungu. Huyo wakili wako ana watoto? Ana binti? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na ninyi wawili hamtalia. Nitalia mimi. Muuza mbao ananiuliza kila nikienda kuchukua miimo ya milango, "Mkwe wetu anarudi lini?" mbele ya wateja. Nimwambie nini? Nimwambie dada yangu amesomeshwa sheria nyuma ya soko?

Mara ya kwanza nilisema polisi kwa mdomo tu; sasa nimeandikisha kwamba ametoroka. Nimesaini. Faili limekwenda kwa hakimu wa watoto, utapata wito. Hakimu aamue.

Kuhusu ufunguo sina la kusema.

Mdogo wako

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli, mwandiko mwingine:) Wifi, anakula? Mimi nilipokuwa na mimba yake nilikuwa nashindwa kitu chochote chenye mafuta. Asilale chali.


12 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako fupi nimezipokea, nami nakurudishia ndefu. Huku mvua imekatika. Paka amewahamishia watoto wake juu ya kabati, sijui amewapandishaje. Wito wa hakimu nimeupata. Ni tarehe kumi na nne mwezi ujao.

Mwambie wifi anakula, na halali chali.

Wiki iliyopita alitoka damu. Alikuwa anasoma, akaniita kwa sauti ndogo, "Shangazi, njoo uone." Tulikwenda hospitali kwa gari la jirani anayeuza gesi, tumekaa katikati ya mitungi. Mapokezi mhudumu akauliza, mzazi yuko wapi, nani anasaini? Nikakupigia. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Daktari akatoka mwenyewe, akamwambia mhudumu kwamba mtu anayetoka damu hasubiri saini ya mtu, amwingize. Nilisaini mimi baadaye, pale penye neno "mlezi", na kwanza nililisoma neno hilo mara tatu, nakuambia kweli, mimi ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mtoto yu salama na aliye tumboni yu salama. Aliambiwa apumzike, akapumzika.

Pale kitandani ndipo alipofungua mdomo. Sikumuuliza. Alikuwa anaangalia dari, akaanza.

Jioni ile wewe na wageni wako mnapanga arusi yake, yeye alikuwa jikoni anaosha vikombe vyenu. Hakuna aliyemwita. Alisikia tarehe ya ndoa yake kupitia dirishani. Asubuhi akaenda shule kama siku zote, na baada ya masomo akakaa kwa rafiki yake mpaka jioni akipanga maneno ya kukuambia. Alikuwa anarudi nyumbani, mdogo wangu. Alikuja mlangoni na maneno yake yote kichwani, akatia ufunguo, ukaingia lakini haukuzunguka. Akadhani ameutia vibaya. Akajaribu tena. Akabisha. Taa ilikuwa inawaka ndani. Akakusikia ukikohoa. Anasema kikohozi chako angekijua hata sokoni. Alisimama pale mpaka ukakohoa tena, kisha akaondoka kwenda stendi.

Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mna kitasa kipya. Nilisoma nikapita, kama mtu anavyopita habari za mvua. Kitasa cha zamani hakikuwa kinagoma. Ulikiweka wewe mwenyewe nyumba ilipojengwa, na ulijisifu kwamba kitakuzika.

Nimemweleza Mama Vifungu. Akasema mbele ya hakimu aliyetoroka na aliyefungiwa nje hawahukumiwi kwa kipimo kimoja. Aliyetoroka nyumba salama anaweza kurudishwa. Aliyefungiwa nje hajatoroka popote, na aliyempokea ametenda haki. Lakini karatasi ya polisi yenye saini yako inasema ametoroka. Neno la mtoto wa miaka kumi na sita na shangazi yake mbele ya neno la baba, unajua lina uzito gani.

Kanuni yako ni kwamba ufunguo hauchongwi bila mwenye mlango kuwepo. Mtu na sabuni yake ulimfukuza. Ndoa ya Kasuku uliichonga naye yuko jikoni.

Nina hasira, na hasira yangu haitaisha kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Lakini wewe ni mdogo wangu.

Dada yako


3 Agosti

Dada,

Salamu. Mke wangu amesoma barua yako kabla yangu, nilimkuta nayo. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, anaweka mezani, anaondoka.

Simu niliiona ikiita siku ile. Nilikuwa nimebana ufunguo kwenye jiliwa, tupa ya kuchongea mkononi. Ikaita, nikaiangalia. Kama ningejua ni hospitali. Basi.

Nashukuru kwa ulivyosaini.

Kuna mteja wangu mmoja, humjui, ananisumbua na maswali ya sheria, na mimi mambo hayo siyawezi. Kwa kuwa uko karibu na huyo Mama Vifungu, hebu niulizie. Mtu akiandikisha taarifa polisi na kuisaini, kisha akaona kuna neno halikukaa sawa, anaweza kurudi kulibadilisha bila kuwekwa ndani? Na baba akisema mbele ya hakimu kwamba ni yeye aliyefunga mlango, anahesabiwa amemtupa mtoto? Ananyang'anywa ubaba moja kwa moja? Na mtoto atakayezaliwa, huyo babu yake anaruhusiwa kumwona?

Si mimi. Ni huyo mteja. Ana wasiwasi mwingi.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kasuku amekuwa mkubwa kama chungu cha maji, nimemtolea sketi ya shule mishono ya ubavuni na kumtilia mpira kiunoni, na anakwenda darasani hivyohivyo, kwenye shule ya hapa iliyompokea. Mkuu wa shule alijaribu kusema akae nyumbani mpaka "hali itakapotengemaa." Mama Vifungu alimwandikia karatasi moja tu, na mkuu akagundua kwamba hali imetengemaa.

Tarehe kumi na nne tulikwenda. Chumba cha hakimu wa watoto ni kidogo, meza moja, viti vya kukunja, na feni inayogeuka upande mmoja tu. Hakimu ni mama wa makamo anayeandika kila kitu kwa mkono. Wewe hukuja. Kiti chako kilikuwepo, nilikuwa nakitazama.

Aliyekuja bila kuitwa ni muuza mbao. Shati limepigwa pasi, mkono kifuani. Akasema baba wa msichana ameridhia, nyumba ya ndoa iko tayari, kilichobaki ni huyu shangazi mkaidi. Hakimu akamuuliza mwanawe ana miaka mingapi. Akasema ishirini na tatu. Kasuku akasema, "Ishirini na saba, alinionyesha leseni yake ya udereva." Muuza mbao akaanza kutafuta miwani yake mifukoni. Hakimu aliandika muda mrefu.

Lakini baada ya hapo akageukia faili lako. Akasoma, "Ametoroka nyumbani." Akauliza kama baba amewahi kusema vinginevyo. Kasuku akatoa ufunguo akauweka mezani. Hakimu akauangalia, akasema kwa upole kwamba ufunguo hauwezi kumweleza nani alibadilisha kitasa, lini na kwa nini. Ameahirisha mpaka tarehe kumi na nane Septemba. Amesema anataka kumsikia baba kwa mdomo wake. Asipomsikia, atafuata kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinamrudisha mtoto kwa baba yake. Ndoa ataizuia kwa amri, lakini mtoto atarudi. Utamrudisha kwenye nyumba ambayo muuza mbao anaingia kama kwake, akiwa na wiki moja tu kabla ya kujifungua. Hilo ndilo lililo mezani, usije ukasema hukuambiwa.

Sasa mwambie mteja wako hivi. Anaweza kurudi kituoni akasahihisha taarifa yake. Mama Vifungu anasema anayerudi mwenyewe kabla hajaitwa husikilizwa, anayesubiri kukamatwa na uongo ndiye mwenye shida. Baba akisema yeye ndiye aliyefunga, hanyang'anywi ubaba siku hiyo. Hakimu anatazama atafanya nini kuanzia hapo. Kuhusu babu kumwona mjukuu, sheria haikatazi. Mwenye kuruhusu ni mama wa mtoto, hata kama mama huyo ana miaka kumi na sita, maana mwana ni wake na hakuna wa kumchukulia bila amri ya mahakama. Mteja wako atamwomba yeye.

Mwambie pia hasira hasara, lakini aibu ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa sababu hasira huisha yenyewe.

Dada yako


10 Septemba

Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yako. Hapa joto. Mke wangu amefuma kofia mbili ndogo, moja ya njano na moja nyeupe, maana hajui ni nani anakuja. Nimezifunga humu kwenye bahasha, ndiyo sababu imenenepa. Posta waliniuliza ni nini, nikasema ni kofia, wakataka kuziona, wakaonyeshana.

Jumatatu nilifunga duka nikaenda kituoni. Yule askari aliyeandika taarifa ya kwanza alikuwepo. Nikamwambia neno "ametoroka" alitoe. Akaniuliza aweke nini. Nikamwambia aweke kwamba baba alibadilisha kitasa mchana, mtoto akiwa shule, na jioni mtoto aliporudi baba alikuwa ndani, alisikia, hakufungua. Akaniuliza, "Kweli, Fundi?" Nikasema andika, na akitaka sababu aweke hasira na aibu. Nimesaini.

Kutoka hapo nilipita kwa muuza mbao. Nilimwambia hakuna mkwe, na kwamba akiulizwa umri wa mwanawe aseme ulio kwenye leseni. Alinikumbusha miimo niliyoagiza. Nikamwambia aiuze kwa mwingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nitapata mbao kwingine.

Tarehe kumi na nane nitakuja. Nitasema mbele ya hakimu yaleyale niliyoyasema kituoni. Sitalala kwako, nitarudi siku hiyohiyo. Usimlazimishe anisalimie. Asipotaka kuniangalia, nitajua ni haki yake, na hilo halihitaji wakili.

Kitasa kipya nimekitoa. Kile cha zamani nilikuwa nimekihifadhi chini ya meza ya kazi, kwenye kopo la mafuta, sijui kwa nini sikukitupa. Nimekisafisha nikakirudisha mlangoni. Ufunguo alionao ndio unaofungua.

Mdogo wako


2 Desemba

Mdogo wangu,

Tumeamka salama wote watatu, na wa tatu ndiye anayeamua tunaamka saa ngapi. Yule wa kofia ya njano ana sauti ambayo muuza gesi anaisikia akiwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Nyeupe imechukuliwa na paka.

Mitihani imekwisha. Siku zote zile nilikaa nje ya ukumbi chini ya kibaraza na mtoto mapajani na chupa ya maji. Wakipewa mapumziko, Kasuku anatoka mbio, ananyonyesha huku ananisimulia swali la pili lilivyokuwa, anarudi ndani. Msimamizi alitaka kulalamika, akanitazama, akaghairi. Kasuku amerudi kuongea. Nasema nimshukuru Mungu, halafu nasema Mungu ampe pumzi na mimi nipate nafasi ya kujibu.

Amri ya hakimu umeipata, lakini nakuandikia kwa maneno yangu nijue umeielewa. Anakaa kwangu mpaka afikishe miaka kumi na minane. Wewe ni baba yake kama ulivyokuwa, unachangia matunzo, na ndoa haizungumzwi na yeyote. Mtoto ni wake. Kesi ya yule wa ishirini na saba inaendelea. Kasuku ametoa maelezo yake akiwa amekaa wima, mimi nje ya mlango, Mama Vifungu ndani.

Sijakuambia nilichokiona tarehe kumi na nane, kwa sababu uliondoka kabla sijafikia geti. Uliposema, sauti ilikuwa chini sana, hakimu akakuomba urudie. Ulirudia neno kwa neno, kwa nguvu, mbele ya watu wote. Mimi ninayekujua tangu unatambaa sijawahi kukuona mrefu vile. Kasuku alikuwa anaangalia mikono yake, lakini uliposema "nilisikia, sikufungua," aliinua uso. Hilo wewe hukuliona, ulikuwa umeinamisha chako.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi hii anakuja kwenu, yeye na mtoto, kwa siku chache. Hakuna aliyemshauri. Alikuwa anakunja nguo, akasema tu, "Shangazi, nataka mama amwone." Akakunja nyingine mbili. "Na baba."

Naomba jambo moja, na mara hii naomba kweli. Najua utataka kwenda stendi kumpokea. Usiende. Najua utataka kusimama barazani, kufungua mlango wote wazi, kumkimbilia begi. Usifanye hivyo. Mwambie na wifi, najua itamshinda lakini mwambie. Funga mlango kama siku zote. Kaa ndani, kwenye kiti chako, kohoa kidogo ajue upo.

Mwache afungue mwenyewe.

Dada yako